Moja na Nukta Mbili

Saa saba usiku mjini Brno. Tramu ya mwisho
imeshaburura taa zake kwenda kulala,
na Vendula Hrubešová, soksi mbili kila mguu,
anasoma barua kutoka maabara ya hospitali, Jihlava:
mashine ya kuhesabu damu imegoma tangu adhuhuri.

Haijagoma mashine. Wamegoma vifurushi wawili wakaidi.
Wa kwanza anaitaka maktaba ya marehemu baba yake,
toleo lolote, mradi liwe chini ya la pili.
Mwenzake anaitaka hiyo hiyo, kuanzia la pili kwenda juu.
Kompyuta, isiyojua kusihi wala kusuluhisha,
imekaa katikati kama karani mwenye mihuri miwili
na karatasi moja.

Wahenga walimwonya mtegemea cha nduguye.
Hawakukutana na kifurushi chenye ndugu mia tatu na kumi,
na kila ndugu na nduguze,
na huko chini kabisa, chini ya mikataba na picha za mapafu,
mtu mmoja asiyelipwa
anasahihisha mstari mmoja, supu ya viazi inafurika jikoni.

Mtu huyo alikuwa Vlastimil. Supu aliizima Vendula.

Anafungua daftari la mabadiliko, anateremka.
Mbili nukta sifuri. Moja nukta kumi. Moja nukta tisa.
Mgeni hudhani kumi hapo ni ndogo kuliko tisa,
lakini nukta hizi si za desimali, ni vizingiti,
na kila chumba kinahesabu watu wake.
Hayo aliyajua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Asichokijua ni ile moja ya mbele,
moja na nukta mbili, iliyotangulia kila toleo
kama cheo cha mtu asiyeitwa kwa jina tupu:
1:2.0
1:1.10
1:1.9
Hakuwahi kuuliza. Nani huuliza
jina la ukoo liliingia nyumbani kwa mlango gani?

Anateremka miaka ishirini na ushei
hadi pale hesabu inapopasuka.
Juu, 1:0.8. Chini, 0.7 kavu.
Katikati, namba ndefu isiyo na nukta hata moja:
19990417.

Siku aliyozaliwa yeye.

Pembeni baba ameandika, herufi ndogo tupu:
*nimeharakisha. nakwenda wodi ya wazazi.*
Na siku tatu baadaye:
*samahanini wote. nilikusudia 0.8, vidole vikaandika tarehe.
sasa mashine zinaamini hakuna kitakachokuwa kipya
mpaka tuvuke milioni kumi na tisa.
namba haishuki. imebidi tufungue zama mpya.
ni msichana. kilo tatu nukta mbili.*

Zama mpya! Neno la wapima miamba,
kwa kosa la Jumamosi moja.
Na zama zikifunguliwa hazifungiki:
ifute ile moja, na kila kompyuta duniani
italiona jipya kuwa kuukuu,
italikataa kwa adabu, itabaki na la jana.

Vendula anacheka peke yake, kisha hacheki.
Kuna damu Jihlava inayosubiri kuhesabiwa.

Mafahali wawili, zizi moja: haipo dawa
ila kujenga zizi la pili ubavuni.
Anaipasua maktaba, ya zamani jina lake, mpya jina lake,
zikae pamoja bila kuamkiana.
Saa kumi na nusu inajaribiwa. Inaanguka.
Mkato umekosekana. Inajaribiwa tena.

Imebaki kuandika namba.
Anaandika moja. Anaandika nukta mbili.
Halafu, kwa kuwa usiku umekwenda mno
na vidole hivi amerithi kwa mtu fulani,
anaisoma mara tatu, kwa sauti,
kabla ya kubonyeza.